Lugha tatu za mwanafunzi wa Mara

Swali: Mtoto wa Butiama anayezungumza Kizanaki nyumbani aandaliwe vipi kwa masomo ya sekondari?

Jibu: Watoto wengi wa Butiama, Bunda na vijiji vya Musoma, mkoani Mara, huanza shule wakiwa na Kizanaki, Kiikizu au Kijita. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Hapo kidato cha kwanza ndipo wengi hukwama, tena si kwa uvivu: mtoto aliyeielewa sayansi vizuri darasa la saba hunyamaza kwa kukosa maneno.

Lugha ya nyumbani isilaumiwe wala kukatazwa. Julius Nyerere alikua akizungumza Kizanaki, akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka ipatayo 12, na baadaye akatafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili.

Mazoezi yenye manufaa ni mepesi. Mwanafunzi asome aya moja ya baiolojia kwa Kiingereza, afunge kitabu, aieleze kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani mpaka ieleweke, kisha aandike sentensi mbili za Kiingereza kwa maneno yake mwenyewe. Kukariri pekee hakutoshi. Likizo ya baada ya darasa la saba ndiyo nafasi nzuri ya kuanza.