Nani Aketi Kikaoni Upimaji wa Selimundu Unapojadiliwa

Baba na mama wakiwa wote wawili wamebeba kinasaba cha selimundu, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kumpima mtoto angali tumboni huweza kubaini urithi huo; hakubaini ataishi vipi. Hilo hulijua mgonjwa aliyefikia utu uzima, na mama aliyemuuguza. Mkutano wa kijiji hauna budi kuwapa hao nafasi mapema, kabla daktari na viongozi wa dini hawajanena. Kiziwi apatiwe mkalimani wa lugha ya alama. Mume na mama mkwe wasikilizwe pia (sauti yao kwa kawaida haikosekani), ila mjamzito aulizwe peke yake. Akikataa kipimo, huduma zake za kliniki ziendelee vilevile.