Kufika Digrii ya Saikolojia kwa Kuanzia Stashahada

Matokeo ya KCSE yametoka, umepata C, na digrii inataka C+. Au uko kazini miaka mingi, vijana wa kanisani au msikitini wanakujia na shida zao, na sasa unataka kuisomea kazi unayoifanya kwa kipaji tu. Stashahada ya saikolojia ni njia nzuri, mradi ujue inakoelekea. Haya ndiyo ningemwambia mdogo wangu kabla hajalipa karo.

1. Anzia mwisho wa safari. Wengi huchagua chuo kilicho karibu na nyumbani chenye karo nafuu, wakimaliza ndipo wanaanza kubisha hodi vyuo vikuu. Geuza mpango huo. Chagua vyuo vikuu viwili au vitatu vinavyofundisha digrii ya saikolojia, nenda ofisi ya usajili, uliza maswali matatu: Mnaipokea stashahada ya chuo fulani? Mnataka niwe nimefaulu kwa kiwango gani? Nitasamehewa masomo yapi? Omba jibu kwa maandishi, hata likiwa barua pepe ya mistari miwili. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo nchini Kenya, stashahada iko ngazi ya 6 na digrii ya kwanza ngazi ya 7. Zinafuatana, ndiyo, lakini kukupokea au kukukataa kunabaki mikononi mwa chuo kikuu.

2. Hakikisha chuo kina kibali. Vyuo vya kiufundi na mafunzo anuwai vinasimamiwa na mamlaka ya TVETA, vyuo vikuu na tume ya CUE. Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani. Uliza pia kama kozi yenyewe imeidhinishwa.

3. Lenga zaidi ya kufaulu tu. Mlango wa digrii huwafungukia upesi waliofanya vizuri. Upande wa Tanzania sharti liko wazi: mwenye stashahada anahitaji wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka baraza la NACTVET. Ukizembea muhula wa kwanza, GPA itakusumbua hadi wa mwisho.

4. Takwimu usiikimbie. Hapa ndipo ninapowaona wengi wakivunjika moyo. Walikuja wakidhani saikolojia ni kusikiliza na kufariji, mara wanakutana na wastani, mtawanyiko na majedwali ya programu ya SPSS. Digrii itakudai zaidi ya hapo: utabuni utafiti wako, ukusanye data, uichambue, uitetee mbele ya wahadhiri. Kwa hiyo takwimu ya stashahada isome kwa bidii kuliko somo lolote. Tafuta wenzako watatu, mkae na maswali ya mitihani iliyopita kila wiki. Na ukumbuke kwa nini ipo: usipojua takwimu, huwezi kutofautisha tiba iliyothibitishwa na maneno matamu ya mtu mwenye kipaza sauti.

5. Soma vitabu ukiwa na macho ya hapa. Kitabu cha utangulizi kitakuambia maabara ya kwanza ilianzishwa na Wundt mjini Leipzig mwaka 1879, kisha kitakupitisha kwa Pavlov, Freud na Piaget. Wasome wote. Ila jua pia kwamba Mary Ainsworth, ambaye jina lake halikosi katika sura ya mtoto na mama, alianza kazi hiyo Uganda. Mwaka 1954 alikwenda Kampala, akazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu, akiangalia jinsi watoto wachanga wanavyowaganda mama zao. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka 1967. Au chukua utafiti uliochapishwa 2001 na mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Kenya. Kule Usenge, upande wa Ziwa Victoria, waliona kwamba watoto waliozijua sana dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya aina ya shuleni. Tafakari hilo kabla hujamwita mtoto yeyote mjinga! Ukiandika insha, leta mifano kama hii. Inaonyesha umefikiri, na mhadhiri anajua.

6. Jisomee kama saikolojia inavyoshauri. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha waliorudia kusoma na waliojipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Funga daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua ujisahihishe.

7. Jua cheti kinakuruhusu kufanya nini. Stashahada ya ushauri nasaha na ya saikolojia hazifanani: ya kwanza inaegemea stadi za kukaa na mteja, ya pili nadharia na utafiti. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, inayotaka watoa huduma wasajiliwe. Usijitangaze mwanasaikolojia ukiwa mwanafunzi. Ukiwa kwenye mafunzo ya vitendo, siri ya mtu aliyekulilia ibaki hapo, isifike hata kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa. Na kama ndoto yako ni saikolojia ya kitabibu, jipange kwa shahada ya uzamili baada ya digrii.

8. Tunza muhtasari wa kila somo. Chuo kikuu hakisamehi somo kwa kuona jina lake tu. Kinataka kuona mada, saa za kufundishwa na namna ulivyotahiniwa. Uombe kwa mhadhiri kila muhula unapoanza, piga nakala, weka nyingine kwenye barua pepe yako. Usingoje miaka miwili ipite, mhadhiri ahame, na afisa wa usajili awe anaisubiri karatasi hiyo wiki hii.