Shule ya Matai ni ya nani?

SWALI: Nilisoma Matai miaka ya 1990, na ofisi yetu ya elimu ilikuwa Sumbawanga. Sasa naambiwa nianzie Kalambo. Kwani shule ilihama?

JIBU: Shule haikuhama, mipaka ndiyo iliyobadilika. Wilaya ya Kalambo ilimegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012, makao makuu yakawa hapo hapo Matai. Mwaka huohuo Mpanda nayo ilitoka katika mkoa wetu wa Rukwa, ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Rukwa ikabaki na halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga Vijijini, Nkasi na Kalambo.

Kila halmashauri ina afisa elimu wa msingi na wa sekondari. Huyu wa pili alikuja baadaye, kwani sekondari za serikali zilikuwa mikononi mwa wizara hadi mwishoni mwa miaka ya 2000.

Wengi hujikwaa hapa: mtaala na udhibiti ubora ni vya Wizara ya Elimu, shule zinaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na nidhamu ya walimu ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwalimu mmoja, mabwana watatu!

Kwa jambo la shule, anza kwa mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata. Nauli ya Sumbawanga mjini ibaki mfukoni.