Ninga wa Pemba

Wasomaji wa Kitale na Bungoma wamjua ninga, yule njiwa wa kijani ajifichaye mikuyuni makuyu yakiiva. Kisiwani Pemba yuko ndugu yake, mwenye kichwa na kifua cha kijivu, aliyeelezwa na Bwana R. H. W. Pakenham mwaka 1940. Hapatikani popote pengine duniani. Misitu ya kale ilifyekwa kupanda mikarafuu na vyakula. Mkubwa uliosalia ni Ngezi, upande wa kaskazini. Tena ndege huyu huwindwa kwa nyama yake, isiyojaza hata sufuria ndogo! Wataalamu wamemtia katika orodha ya ndege walio hatarini. Akiisha huko, ninga wetu wa bara hawezi kushika mahali pake, maana ni wa aina nyingine.