Injini iliyokufa: bei iko kwenye hedi

Mnunuzi wa injini mbovu ya 2L, dizeli ya Toyota Hilux na Hiace, asilipe kabla silinda hedi haijafunguliwa. Hedi hiyo ina sifa mbaya: ikichemsha hupasuka kati ya valvu, na yenye ufa huishia kuuzwa kwa kilo. Wauzaji wengi hukataa kufungua. Hiyo nayo ni taarifa.

Stata na alteneta mara nyingi hupona, na ndizo hurudisha mtaji mapema. Krankishafti ipimwe kwa maikromita kwa mkerezaji. Iliyokwaruzika kidogo hupunguzwa milimita 0.25, ikafungwa beringi za saizi hiyo. Iliyokwisha kukerezwa mara mbili, mnunuzi ashushe bei au aiache.