Pawa saplai ya "600W" kwa bei chee

Swali: Naunganisha kompyuta mwenyewe hapa Kibondo: prosesa ya wati 65, kadi ya picha ya wati 75. Kasulu nimeona pawa saplai mpya ya "600W" kwa bei chee. Ninunue?

Jibu: Usitoe hela kabla hujasoma lebo ya ubavuni. Tafuta mstari wa +12V, maana prosesa na kadi ya picha hulishwa hapo. Ukikuta ampea 16, zidisha kwa 12: wati 192 tu. Hizo 600 ni za kupamba boksi. Mashine yako, pamoja na diski na feni, itakula takribani wati 200. Saplai ya wati 450 za kweli, yenye ampea 30 na zaidi kwenye 12V, inakutosha kabisa.

Kwa huko kwenu mimi naogopa zaidi umeme unaoingia. Chukua iliyoandikwa 100–240V; ya 200–240V inaweza kuzimika volti zikishuka jioni, na kazi yako ikapotea. Ukinunua ya mtumba yenye swichi nyekundu nyuma, hakikisha inasomeka 230 kabla hujachomeka. Ikiwa kwenye 115, itaungua papo hapo. Na tafadhali, waya wa ethi usikatwe.