Damu Ikibadilika, Rudi Kliniki

Mama anayeuza nguo Mtaa wa Kongo, au anayepikia wachukuzi pale sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Siku ya sindano ya uzazi wa mpango ikigongana na siku ya mzigo, sindano ndiyo huahirishwa. Kwa hiyo tunakuomba, unapochagua njia ya uzazi wa mpango, ukumbuke pia ratiba yako ya kazi.

Sindano hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukipitiliza tarehe usikae nyumbani kwa kuogopa kufokewa: hata ukichelewa hadi wiki nne, bado unaweza kuchomwa. Vijiti vinavyowekwa mkononi hukaa miaka mitatu au mitano kutegemea aina, na kitanzi cha shaba huzidi miaka kumi. Vidonge humezwa kila siku, saa ileile. Kwenye vituo vya serikali huduma hizi ni bure, na kutoka Kariakoo hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu. Jijini hapa uzazi wa mpango si jambo geni: chama cha uzazi wa mpango tunachokijua leo kama UMATI kilianza mwaka 1959.

Hata hivyo, utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wenye waume, wanaotumia njia za kisasa ni 31 tu. Wapo walioanza wakaacha, na mara nyingi kisa ni damu.

Sindano na vijiti hubadilisha hedhi. Mmoja hupata matone wiki nzima, mwingine hukaa miezi bila kuona siku zake. Hapo ndipo jirani anaposema damu chafu inajaa tumboni. Hakuna damu inayojaa. Homoni huufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba, hivyo kinachotoka ni kidogo au hakuna kabisa. Matone yakikukera, mwambie muuguzi. Ipo dawa ya kuyapunguza, na njia inaweza kubadilishwa. Damu ikitoka nyingi kupita kawaida, nenda siku hiyohiyo.

Baba naye aambiwe haya mapema, asije akadhani mkewe anaumwa au anamficha jambo. Afadhali muende wote. Kondomu ndiyo inayokinga pia Virusi vya UKIMWI, na inaweza kutumika pamoja na njia nyingine.

Ukijifungua, Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba tena. Ukitaka mtoto, una haki ya kutolewa vijiti au kitanzi siku yoyote, na uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano huchelewesha kwa miezi kadhaa, hata karibu mwaka, kwa hiyo anayepanga kuzaa mwakani amweleze muuguzi leo.